Sura ya Sita: Chuma Kinaponyimwa Muda

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, ulizia bati, na swali la kwanza utakalorudishiwa ni geji. Unataka 28 au 30? Muuzaji akikuona una chochote mfukoni atakushawishi uchukue 28 kwa kuwa ni nene zaidi, na kwa kuezeka nyumba ujuzi huo unatosha. Hakuna muuza bati atakayekuuliza: "Na hili utalivuta kwa kasi gani?" Ungedhani jua limempata. Lakini kwa mtu anayebuni mlango wa gari, swali hilo ndilo lenye kazi, na geji huja baadaye.

Chukua ukanda wa bamba la chuma laini, upana wa kidole. Ubane ncha zote mbili kwenye mashine, uuvute polepole. Neno "polepole" lina kipimo chake maabara: ukanda urefuke kwa sehemu moja ya elfu ya urefu wake kila sekunde. Ukitaka urefuke kwa asilimia 20 utangoja sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Unaweza kwenda kumimina chai ukarudi ukaukuta bado unavutwa. Mashine itaandika nguvu iliyotumika, na namba hiyo ndiyo inayochapwa kwenye karatasi za kiwanda, ile ambayo kila mtu huiita "nguvu ya chuma".

Sasa chukua pacha wake, ukanda uliokatwa kwenye bamba lile lile, uuvute kwa kasi ambayo chuma hupambana nayo katika ajali ya gari. Kasi hiyo inaweza kufika mara 500,000 ya ile ya kwanza. Kazi iliyochukua dakika tatu inakwisha kwa sekunde 0.0004. Ukipepesa jicho mara moja, jaribio la namna hiyo lingeweza kuanza na kumalizika zaidi ya mara 200. Na huyu pacha wa pili hakubali kuanza kurefuka kwa nguvu iliyomtosha mwenzake. Anadai zaidi, na ikiwa ni chuma laini, anaweza kudai maradufu.

Bamba ni moja, mkasi ni mmoja, joto la chumba halijabadilika. Kilichopungua ni muda tu. Kwa hiyo nguvu ya chuma haifanani na kimo cha mtu, kitu unachokipima mara moja ukakiandika kwenye kitambulisho. Inafanana na bei ya sokoni: mwenye haraka hauziwi rahisi.

Kwa nini chuma kimdai zaidi mwenye haraka? Jibu lake lilipatikana kwa kuzunguka. Atomi za chuma zimejipanga safu juu ya safu, na chuma kinaporefuka moja kwa moja bila kurudi, maana yake safu zimeteleza juu ya safu nyingine. Wanafizikia walipopiga hesabu ya nguvu inayotakiwa ili safu nzima iteleze kwa pamoja, walipata namba kubwa kupita kiasi, kubwa kuliko chuma chochote walichowahi kukivuta. Mwaka 1934 watu watatu, G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walitoa jibu lile lile: safu haitelezi yote kwa mkupuo.

Aliyewahi kutandika jamvi kubwa shughulini anaijua siri hiyo. Jamvi likikaa upande kidogo, hakuna anayeliburuta zima. Utatoka jasho na halitasogea. Unainua ncha moja, unatengeneza kijikunjo, kisha unakisukuma kwa mguu mpaka kitokee upande wa pili. Kikitokea, jamvi zima limesogea shubiri moja. Ndani ya chuma kuna vijikunjo vya namna hiyo kwa mamilioni, na bamba linapokunjwa, vijikunjo hivyo ndivyo vinavyotembea.

Vinatembea, ila njia si nyeupe. Vinakwama kwenye atomi ngeni, vinakwama vyenyewe kwa vyenyewe, na katika chuma vinakwama hata kwenye mpangilio wa atomi zenyewe, ambao una mabonde na matuta. Hapa ndipo muda unapoingia. Atomi haziachi kutetemeka. Joto ndio mtetemo wenyewe. Kijikunjo kilichokwama kikiachwa kidogo, mtetemo mmojawapo utakisukuma kivuke tuta. Anayevuta polepole anasaidiwa bure na joto la chumba. Anayevuta kwa ghafla hana nafasi ya kungoja msaada huo; kila tuta alivuke kwa misuli yake mwenyewe, na gharama hiyo ndiyo mashine inayoiandika.

Alumini ina tabia tofauti. Mpangilio wa atomi zake hauna matuta makali, kwa hiyo vijikunjo hupita kirahisi na haraka haibadilishi mambo sana. Na kuna aloi za alumini na magnesi ambazo zikiharakishwa huwa dhaifu kidogo kuliko zikivutwa polepole. Sababu yake inanifurahisha kila nikiifikiria. Atomi za magnesi hupenda kujibanza penye vijikunjo. Ukivuta polepole zinapata wasaa wa kukifuata kijikunjo na kukishika miguu, kama watoto wanaomng'ang'ania baba anapotoka asubuhi. Ukivuta haraka, baba keshafika kituo cha basi. Albert Portevin na François Le Chatelier walieleza mwaka 1923 jinsi aloi za namna hii zinavyovutika kwa kushtukashtuka, shika-achia, shika-achia. Mishtuko hiyo huacha michirizi juu ya bamba, na ndiyo maana watengeneza magari huzificha aloi hizo kwenye sehemu za ndani za mlango na boneti. Nje, panapopakwa rangi na kuonwa na jirani, wanaweka aloi nyingine yenye silikoni.

Haya yote ni rahisi kuyasema. Kuyapima ni kazi nyingine, na historia yake inaanza na baba na mwanawe.

John Hopkinson alikuwa mhandisi wa Kiingereza aliyeshughulika na taa za minara ya baharini, na baadaye na umeme. Mwaka 1872 alifanya jaribio ambalo fundi yeyote angeweza kulifanya uani kwake. Alining'iniza waya wa chuma, akaweka kizuizi kwenye ncha ya chini, akaangusha uzito uliotobolewa ili uteremke kuufuata waya mpaka ugonge kizuizi. Swali lilikuwa: uzito gani utaukata waya? Mtu wa kawaida angetegemea kwamba uzito mkubwa hukata kwa urahisi na mdogo kwa shida. Hopkinson aliona kwamba uzito haukuwa na usemi mkubwa. Kilichoamua ni kimo cha kuangukia, yaani kasi ya pigo. Na mara nyingine waya haukukatika chini ulikogongwa. Ulikatika juu kabisa, mahali ulipofungwa.

Jambo hilo la pili ndilo lenye utamu. Pigo la chini halijulikani juu papo hapo. Linasafiri kama wimbi, na katika chuma wimbi hilo huenda karibu kilomita tano kwa sekunde. Likifika juu, kwenye kifungo kisichosogea, linarudi, na mahali pale wimbi linalokuja na wimbi linalorudi yanapandana. Mkazo unakuwa mara mbili. Waya unakatika mbali na mkosaji.

John Hopkinson alikufa tarehe 27 Agosti 1898 akipanda milima Uswisi, yeye na watoto wake watatu siku moja. Bertram, mmoja wa watoto waliobaki, alikuwa amesomea sheria. Aliiacha akashika kazi ya baba yake, na mwaka 1903 akawa profesa wa uhandisi Cambridge. Miaka miwili baadaye aliurudia mtihani wa waya kwa vifaa bora zaidi, akaona kwamba chuma kinaweza kwa kitambo kidogo mno kubeba mkazo ambao kingewekewa polepole kingesalimu amri.

Halafu, mwaka 1914, alichapisha kazi iliyolifanya jina lake libaki midomoni mwa wapimaji mpaka leo. Alitaka kujua risasi inapogonga chuma, au baruti inapolipuka kando yake, nguvu inakuwa kubwa kiasi gani na inadumu kwa muda gani. Kumbuka mwaka wenyewe. Kamera ya kasi ya kutosha haikuwepo, na ala za umeme za kuandika tukio la sehemu za milioni za sekunde zilikuwa hazijazaliwa. Alichotumia ni fimbo ndefu ya chuma, mtaimbo tuuite, ulioning'inizwa kwa nyuzi ulale mlalo. Ncha moja ilipigwa risasi. Kwenye ncha ya pili alishikiza kipande kifupi cha chuma cha unene ule ule, kimesagwa kikalingana na mtaimbo sawasawa, kimeshikizwa kidogo tu, kiasi cha kutoanguka.

Waliocheza gololi wataona haraka anachokifanya. Ukizipanga gololi kwenye mstari zikagusana, ukaigonga ya kwanza, za katikati hutulia na ya mwisho huruka. Wimbi la mgandamizo linapita kwenye mtaimbo, linavuka kiungo bila taabu, maana kusukuma hakuhitaji gundi. Linafika mwisho wa kile kipande, halina pa kwenda, linageuka na kurudi kama wimbi la mvuto. Nalo kiungo hakiwezi kulipitisha, kwa sababu huwezi kuvuta kitu ambacho hakijafungwa. Kipande kinaachia na kuruka kikiwa kimebeba sehemu ya pigo. Bertram alikidaka kwenye kisanduku kinachobembea, akapima kimebembea kiasi gani. Akarudia kwa kipande kirefu zaidi, na kirefu zaidi, mpaka akapata urefu unaoondoka na pigo lote na kuuacha mtaimbo umetulia tuli. Urefu huo mara mbili ndio urefu wa wimbi. Gawanya kwa kasi ya wimbi, umepata muda wa pigo. Sehemu za milioni za sekunde zimepimwa kwa rula.

Mimi sijui jaribio jingine la enzi zile lililotumia vitu vichache hivyo kupata jibu kubwa hivyo. Bertram hakuishi kuona lilikofika. Tarehe 26 Agosti 1918 alikuwa akirusha ndege peke yake kuelekea London katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka. Ilibaki siku moja itimie miaka 20 tangu mlima uchukue baba yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Herbert Kolsky, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI, aliukata mtaimbo huo vipande viwili. Katikati akaweka kidonge chembamba cha kitu anachotaka kukipima: shaba, risasi, mpira, plastiki. Taarifa yake ilitoka mwaka 1949, na mpaka sasa wengi wanakiita kifaa hicho kwa jina lake. Wimbi linakuja kwenye mtaimbo wa kwanza, linakutana na kidonge, linagawanyika. Sehemu yake inarudi nyuma, sehemu inapenya kwenda mtaimbo wa pili. Hapo pana ulinganifu uliofanya wahandisi wengi wakipende kifaa hiki kwa maisha yao yote: wimbi linalorudi linakuambia kidonge kimebonyea kwa kasi gani, na wimbi linalopenya linakuambia kilistahimili nguvu kiasi gani. Kidonge chenyewe hukigusi. Unawauliza majirani wa pande mbili, na maneno yao yanatosha kuandika kesi.

Ila kidonge si bamba. Ukilisimamisha bamba jembamba kati ya mitaimbo miwili ukaligonga, litapinda kama karatasi kabla halijakuambia lolote. Bamba halitaki kusukumwa, linataka kuvutwa. Mwaka 1960 Harding, Wood na Campbell, wakiwa Oxford, walieleza mtindo wa kuvuta badala ya kugandamiza, na kuanzia hapo mlango wa mabamba ukafunguka, japo kwa kukwaruza.

Kwanza kuna suala la kulishika. Mshindo ukija, pini ikiwa na nafasi hata ya unywele kwenye tundu lake, wimbi linajigonga hapo na kujirudia, na unachopima ni ulegevu wa pini. Kuna wanaochana mfereji mwembamba kwenye ncha ya mtaimbo na kugundisha ukanda humo kwa gundi kali. Pili kuna suala la kukata. Ukanda hukatwa kwa umbo la mfupa: ncha pana za kushikwa, katikati umebanwa kiuno. Ukiukata kwa mkasi au kwa kupigwa na kibano cha mashine, kingo zake zinabaki na majeraha, na ufa utaanzia kwenye jeraha. Unapima mkasi wako, hupimi chuma. Kwa hiyo wanakata polepole kwa waya unaotoa cheche za umeme, kisha wanasugua kingo kwa msasa mpaka zing'ae. Tatu, bamba lina mwelekeo. Limepita kwenye rola kiwandani likarefushwa upande mmoja, na kama mbao ilivyo na nyuzi zake, ukanda uliokatwa kufuata rola haujibu sawa na uliokatwa kuikingama. Aliye makini hukata kwa mielekeo mitatu na kuandika kwa kalamu juu ya kila ukanda, maana kanda zikishachanganyika mezani hakuna jicho litakalozitambua.

Katikati ya ukanda huo, kile kiuno, pengine ni milimita 10 tu. Ufupi huo ni wa makusudi. Wimbi linahitaji kwenda na kurudi mara kadhaa ndani ya ukanda kabla pande zote mbili hazijakubaliana juu ya nguvu iliyopo. Kiuno kikiwa kirefu, upande mmoja unaanza kukatika wakati mwingine haujapata habari.

Ugomvi huo wa habari zilizochelewa ndio unaozitesa pia mashine kubwa za haidroliki, ambazo siku hizi hufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa ajili ya viwanda vya magari. Shirika la Viwango la Kimataifa limeweka kanuni zake chini ya namba 26203, sehemu moja kwa ajili ya mitaimbo na nyingine kwa ajili ya mashine hizi. Mashine ya haidroliki haiwezi kuanza kutoka sifuri ikafika mita tano kwa sekunde papo hapo. Inahitaji kukimbia kwanza. Kwa hiyo ukanda haufungwi moja kwa moja kwenye pistoni yake. Kunakuwa na kipande cha kulegea, mfano wa mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Anatimka, anapata kasi, kamba inakwisha, shingo inakamatwa. Mshtuko huo wa shingo ndio jaribio.

Lakini mshtuko huo pia unaigonga mashine yenyewe. Katika ile sekunde 0.0004, wimbi ndani ya chuma linatembea kama mita mbili, yaani kimo cha mashine tu. Mizani ya kupimia nguvu, iliyokaa juu huko, inagongwa na kuanza kulia kama kengele, na mchoro unaotoka kwenye kompyuta hauonyeshi mstari bali milima na mabonde. Mwanafunzi mgeni huuona mchoro huo na kudhani chuma kinapanda na kushuka nguvu. Hapana, anaisikiliza kengele. Nimeona ripoti zenye michoro iliyolainishwa kwa programu mpaka ikapendeza, na sikuziamini hata moja. Dawa iliyo njema ni kuihama mizani kabisa: unagundisha kigeji chembamba cha kuhisi mvutano kwenye ncha pana ya ukanda wenyewe, sehemu ambayo haitakunjika, karibu kabisa na kiuno. Hapo habari haina safari ndefu ya kupotoka njiani.

Urefu nao unasomwa kwa kamera. Ukanda unapakwa rangi nyeupe, kisha unarashiwa vidoa vyeusi ovyoovyo, kama kuku wa kanga. Kamera inayopiga maelfu kwa maelfu ya picha kwa sekunde inafuatilia kila doa linakokwenda, na kompyuta inachora ramani ya mahali paliporefuka zaidi na palipogoma. Rangi ikikauka mno inabanduka katikati ya pigo. Ikiwa mbichi mno vidoa vinateleza. Jaribio la mamilioni ya shilingi linaweza kuharibika kwa sababu mtu alikwenda kula kabla ya kupaka.

Katika ramani hiyo unaona kifo kinavyokuja. Mwanzoni kiuno chote kinarefuka kwa umoja. Kisha sehemu moja inaanza kujibana zaidi ya nyingine, na ndani ya sehemu hiyo unatokea mstari mwembamba uliolala mshazari, kama nyuzi 55 kutoka mwelekeo wa mvuto. Kuanzia hapo kwingine kote kumesimama; bamba zima linaishi na kufa ndani ya mstari huo. Ukiviokota vipande viwili na kuutazama uso wa mkatiko kwa hadubini ya elektroni, utaona vishimo vya mviringo vimebanana, ungedhani ni chuma cha kukaangia vitumbua kilichochorwa na mdudu. Kila kishimo kilianza na punje ya uchafu uliobaki kiwandani, salfaidi ya manganizi kwa mfano. Chuma kinavutika, punje haivutiki. Panatokea pengo, pengo linakua, mapengo jirani yanaungana, ndipo bamba linapoachana.

Mapengo hayo hukua upesi au taratibu kulingana na jinsi chuma kinavyovutwa, ikiwa upande mmoja au pande zote. Ndiyo maana maabara haziridhiki na ukanda wa umbo la mfupa peke yake. Zinakata wenye tundu katikati, wenye pengo pembeni, wenye mipasuo iliyokaa mshazari ili katikati patelezane badala ya kuvutana. Bamba linaloshinda katika mtihani mmoja linaweza kuaibika katika mwingine.

Na kuna joto. Kunja waya mbele na nyuma mara kumi kisha uguse penye kunjo: unaunguza. Taylor na mwenzake Quinney walipima jambo hilo mwaka 1934, wakapata kwamba karibu asilimia 90 ya kazi ya kukunja chuma hugeuka kuwa joto. Ukivuta polepole, joto hilo linatawanyika kwenye vishikio na hewani, hulihisi. Ukivuta kwa sekunde 0.0004, halina pa kukimbilia. Chuma chenye mkazo wa megapaskali 800 kikirefuka kwa asilimia 20 kinapanda kama nyuzi 40 papo hapo, na ndani ya ule mstari wa mshazari kinapanda zaidi sana. Sasa haraka ina sauti mbili: mwanzo inakiimarisha chuma kwa kukinyima muda, kisha inakilainisha kwa kukinyima mahali pa kumwaga joto. Henri Tresca aliliona hili kwa macho yake na kulieleza mwaka 1878. Akifua aloi ya platini na iridi, ile iliyotumika kutengenezea mita za kielelezo, aliona kila pigo la nyundo likiwasha mistari miwili iliyokingamana kama herufi X kwenye chuma ambacho wekundu wa moto ulikuwa umekwisha kufifia. Joto la pigo lilikuwa limejikusanya penye mtelezo.

Namba hizi zote huishia kwenye kompyuta. Gari la kisasa huanza kugongwa kwa hesabu, kabla hata la kwanza halijaundwa, na programu nyingi za kazi hiyo ni wajukuu wa ile aliyoiandika John Hallquist mwaka 1976 katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, kwa kazi ya silaha. Gari linagawanywa vijipande kwa mamilioni, na kila kijipande, katika kila kitambo cha hesabu, kinauliza: kwa kasi hii na joto hili, nina nguvu kiasi gani? Kanuni maarufu ya kukijibu ni ya Gordon Johnson na William Cook, ya mwaka 1983, iliyotungwa kwa ajili ya makombora. Ni kanuni nyepesi na inapendwa kwa wepesi wake. Aliyepima kwa kasi mbili tu anaweza kuinyoosha mpaka kasi asiyowahi kuigusa, na kompyuta haitamgombeza.

Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 64 kwa saa limebeba nishati ile ile ambayo lingekuwa nayo likiangushwa kutoka ghorofa ya tano. Yote hiyo lazima iliwe kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na anayeila ni bamba. Mabomba mawili ya mbele yamewekwa yajikunje mikunjo-mikunjo, kama kopo la soda lililokanyagwa. Mhandisi aliyetumia namba za polepole ataamini mabomba yake ni laini kuliko yalivyo. Siku ya ajali yatagoma kukunjika mapema, na pigo litapita moja kwa moja hadi kifuani kwa aliyekaa ndani. Nguvu iliyozidi mahali pasipotakiwa inaua. Kwingine, kwenye nguzo iliyo kati ya milango miwili, hutaki kunjo hata moja. Pale siku hizi huwekwa chuma chenye boroni, kinachopashwa moto zaidi ya nyuzi 900 kisha kikakandamizwa ndani ya kalibu baridi, kikatoka na nguvu ya megapaskali kama 1,500. Chuma hicho ugumu wake wote umetoka kwenye kule kupozwa ghafla. Ukikipasha tena kwa mkono, umekirudisha ujinga.

Hilo nililishuhudia Gerezani, Dar es Salaam, nilipomsindikiza jirani aliyenunua gari lililotumika. Fundi bodi alikuwa mzee wa makamo, ovaroli imeloa jasho mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anataka kutoboa nguzo ya kati.

"Huyu mzee ana haraka na mimi," alisema, akimaanisha gari. "Kuna mtu alishaligusa kabla yangu. Njoo uone, kijana."

Aliweka ncha ya drili sehemu ya juu ya nguzo, akaibonyeza. Drili ilizunguka, ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikaacha alama kama ya ukucha. Akaishusha sentimita kumi, mahali ambapo chini ya rangi mpya palikuwa na baka la buluu la moto wa gesi. Ikazama bila ubishi, ikitema nyuzi za chuma zilizojiviringa kama nywele.

Akaizima. Akapuliza tundu, akapitisha kidole.

"Kanyooshewa kwa moto, halafu akapakwa rangi vizuri," alisema, akamgeukia jirani yangu. "Nawe mama umeniletea nikuwekee spika."